Nianzie wapi kujifunza origami za teselesheni?

Mwenye swali:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimevutiwa sana na origami za teselesheni, yaani karatasi moja, isiyokatwa wala kutiwa gundi, inayokunjwa mpaka ijae maumbo yanayojirudia kama vigae vya sakafu. Nilichukua karatasi ya kawaida ya printa, nikaikata iwe mraba wa sentimita 21, nikaigawa sehemu 32 kila upande, kisha nikafuata mchoro wa mistari nilioupata mtandaoni. Mara mbili karatasi ilitoboka pale mistari inapokutana. Mara ya tatu haikutoboka, lakini kila nilipobana upande mmoja, upande wa pili ulifumuka. Naomba mnieleze kosa liko wapi: kwenye karatasi, kwenye mistari au kwenye mikono yangu?

Jibu la kwanza:
Ndugu, mikono yako haina kosa lolote. Kwa vipimo hivyo kila kimraba kilikuwa na upana wa milimita sita na nusu hivi, jambo linalomsumbua hata aliyezoea. Isitoshe, karatasi ya printa huvumilia kukunjwa upande mmoja, ilhali gridi ya teselesheni, yaani mistari inayoigawa karatasi katika vimraba, hudai kila mstari ukunjwe mbele na kisha nyuma, na pale mistari miwili inapokatana nyuzi za karatasi huchoka na kukatika. Jaribu karatasi ya kaki, ile inayotumika kuvalisha madaftari ya wanafunzi: ni nyembamba, lakini nyuzi zake ni ndefu na imara.

Kuhusu mistari, wengi hukunja nusu, kisha nusu ya nusu, bila kuifungua karatasi. Unene huongezeka kila mara, na mistari ya ndani huhama. Ni afadhali uifungue baada ya kila mkunjo. Ukishapata mistari ya robo, peleka ukingo kwenye robo ya kwanza, ukandamize kwa mgongo wa kijiko, ufungue; kisha peleka ukingo uleule kwenye robo ya tatu. Rudia kwa ukingo wa mkabala, nawe utakuwa na sehemu nane sawa. Kazi hii huchosha, lakini usiiharakishe, kwa sababu gridi iliyopinda hakuna atakayeweza kuinyoosha baadaye.

Jibu la pili:
Naunga mkono, na ningependa kuongeza kwamba usianze na mchoro mzima. Anza na mzunguko mmoja wa mraba, yaani mkunjo ambao mraba wa katikati hujizungusha unapofungwa, kwenye gridi ya 8 kwa 8. Chagua pointi ya katikati, halafu kwenye vile vimraba vinne vinavyoizunguka kunja mishazari isiyoigusa pointi hiyo. Utapata mraba uliosimama kwa pembe. Pande zake zote nne ni mikunjo ya mlima, yaani inayoinuka kuelekea kwako; ile inayozama huitwa ya bonde. Kutoka kila upande linatoka rinda moja, kama marinda ya sketi ya shule, lenye upana wa kimraba kimoja, na mistari yake miwili ni mmoja wa mlima na mmoja wa bonde. Kagua kila kona ya mraba: lazima uone milima mitatu na bonde moja. Ukiona mbili kwa mbili, haitalala hata uikandamize vipi.

Wakati wa kuifunga, usimalize rinda moja ndipo uende kwa jingine. Yainue yote manne nusunusu, yalale yakifuatana kama mapanga ya feni, kisha sukuma kidogo kidogo kuelekea katikati. Mraba wa kati utajizungusha wenyewe kwa robo ya mzunguko na kulala.

Mwenye swali:
Nawashukuru sana. Nimetumia kaki ya sentimita 24, na safari hii haikutoboka popote. Mwanzoni kona moja ilikataa kulala. Nilipohesabu nikakuta rinda moja nimelilaza kinyume na wenzake. Nimelirekebisha, na mraba umezunguka taratibu mbele ya macho yangu, jambo lililonifurahisha kupita kiasi. Karatasi sasa ina sentimita 18. Je, nikitaka mizunguko minne, nifanyeje?

Jibu la tatu:
Hizo sentimita 6 zimemezwa na marinda, kwa kuwa kila rinda hula mara mbili ya upana wake. Kwa hiyo kwa mizunguko minne andaa karatasi kubwa zaidi, yenye gridi ya 16. Jambo la kuzingatia ni kwamba mizunguko miwili inayoshiriki rinda moja huenda kinyume: mmoja ukizunguka kulia, jirani yake huzunguka kushoto. Weka alama za penseli kabla ya kukunja. Baada ya hapo ingia kwenye gridi ya pembetatu, ambayo ndiyo huzaa nyota na maua ya pembe sita. Ukipata nafasi tazama pia kazi za Shuzo Fujimoto, mwalimu wa Japani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa mikunjo hii katika miaka ya 1970. Na huo mzunguko wako wa kwanza usiutupe: ushike dirishani, utaona tabaka zilizolaliana zikichora umbo ambalo halionekani karatasi ikiwa mezani.