Digrii nzima ya sanaa ya gemu halafu ananambia "mpe mtoto achezee"!!!

Binti_Kikwajuni
Jamani nnaandika mikono inatetemeka, nisameheni kama kuna makosa. Yule bwana. Sitamtaja, sote tunamjua, kila shughuli ya vijana kiti cha mbele chake, chupa zote za maji za meza nzima zake, na hotuba yake ni ile ile tangu dunia iumbwe, "vijana changamkieni dijitali". Huyo huyo. Leo katwita wenye kazi za kompyuta tukamuoneshe, nikabeba laptopu na kazi yangu ya kumalizia chuo, Beit el Ajaib zima, lile jumba la zamani la masultani pale Forodhani, si picha, modeli ya 3D unaingia mlangoni unapanda ngazi unazunguka varanda zote, vile lilivyokuwa kabla halijaporomoka ile 25 Disemba 2020. Namfungulia, hata ngazi hajapanda, kaichukua laptopu kamkabidhi mjukuu wake. "Aa kumbe gemu, mpe mtoto achezee."

MPE MTOTO ACHEZEE.

Na mtoto mwenyewe anakula urojo! Ukwaju umemfika viwikoni wallahi, kaja kwenye kibodi yangu na vidole vyote kumi na naapa vingine kaazima. Sasa hivi nikibonyeza A inatoka bajia. Na bwana yule anacheka, anawageukia wenzake, "si mnaona, hata mtoto anaweza". Anaweza nini?? Kuchora anaweza?

Maana mtu akisikia digrii ya gemu anadhani tunakaa darasani tunapigana mipira ya kwenye tivii. Sie hatuchezi, sie ndio tunaochonga hicho mnachokicheza. Mwaka wa kwanza ni penseli tu, mifupa, misuli, kivuli kinaangukia wapi, kompyuta inasubiri. Halafu ndio modeli. Ule mlango wa mbele peke yake nimeuchonga mara mbili, kwanza mzito wenye mamilioni ya poligoni, vile vipande bapa vidogo vidogo vinavyounda modeli, kila ua la yungiyungi, kila pete ya mnyororo wa pembeni, kila msumari wa shaba, kisha unaujenga upya mwepesi na ule unakshi unauhamishia juu yake kwa normal map, picha inayoiambia taa wapi pana mabonde na vilima, ili mwanga ukipita uone kama umechongwa kweli. Kwa nini? Kwa sababu gemu ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde kompyuta inapata milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu, na ndani ya hizo ichore mlango, kuta, taa, bahari na watu wanaopita. Ukiupeleka ule mzito inaganda. Bado kuufumua mlango ukae bapa kipande kipande ndani ya tekscha, ile picha inayovishwa modeli, ya pikseli 4096 kwa 4096 ndio uupake rangi, uweke na kutu na vumbi la miaka. Watu wanakesha na mshono mmoja tu unaoonekana kwenye kona! Chuo cha Abertay kule Dundee, Uskochi, wanatoa digrii za gemu tangu 1997, wengine humu hamjazaliwa, huku kwetu bado mtu mzima ananambia mpe mtoto achezee.

Angesema mbaya ningenyamaza. Angesema nzito ningeipunguza poligoni pale pale mbele yake. Hakuangalia!! Hata macho hakutia!! Mpe mtoto achezee!!

KachoriMoto
Pole shoga. Sasa mtoto alifika steji ya ngapi?

Binti_Kikwajuni
Haina steji!! Ni JUMBA!!

KachoriMoto
Ndo maana bwana kachoka, jumba halina hata zimwi la kupiga

MzeeWaBaraza
Binti yangu kabla hujalia, huo mnara wa saa umeuweka wapi? Maana jumba Sayyid Barghash kalijenga 1883 halina mnara juu. Mnara ulikuwa mbele yake, ukapigwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896, ndio saa ikaja ikapandishwa kwenye jumba walipolikarabati. Vijana mnachora vitu hamvisomi.

Binti_Kikwajuni
Shikamoo mzee wangu. Mnara upo juu ya jumba, kati kwa kati mbele, kwa sababu modeli yangu ni ya baada ya ukarabati. Nimesoma kila picha ya zamani niliyoipata, huwezi kujenga kitu usichokijua. Na ndicho kinachoniuma, angeuliza swali kama lako ningemjibu mpaka magharibi. Kaniambia mpe mtoto achezee.

MzeeWaBaraza
Marahaba. Basi hapo kakukosea.

SamakiMsomi
Dada wewe una nafuu. Mie nina digrii ya sayansi ya bahari, mambo ya matumbawe, bwana huyo huyo kaniuliza mbele za watu pweza leo kaamkaje bei. Na watu wakanigeukia wanasubiri jibu!

KachoriMoto
Kaamkaje?

SamakiMsomi
Ghali. Lakini sio hoja hiyo

Yakhe_Grafiki
Hoja ni arusi. Ukoo wetu ukishajua una Photoshop basi umekwisha, kila kadi ya arusi yako, bure, "si unabonyeza tu". Shangazi mmoja kanitaka nimtoe mumewe kwenye picha ya familia nimuweke kaka yake, usiku wa manane, na asubuhi kagomba kwa nini mume hayupo. Mie sichori tena, nasema kompyuta imeungua.

MtuWaWete
Nyinyi wa mjini mnalilia urojo na kadi. Mie nipo Wete najifunza Blender, programu ya kuchonga 3D, mwenyewe kwa mafunzo ya YouTube, bando lenyewe linakwisha mtu bado anasalimia. Jana nimeacha animesheni ya ngalawa inarenda, kompyuta inazichora fremu moja moja, usiku kucha nimelala na furaha zangu, alfajiri umeme huo ukaondoka. Faili halifunguki. Ngalawa yote imezama.

Binti_Kikwajuni
Ulirenda moja kwa moja video?

MtuWaWete
Ee

Binti_Kikwajuni
Usifanye hivo ndugu yangu, katika kutoa chagua PNG, kila fremu inakuwa picha yake. Umeme ukikatika zilizokwisha zipo, unaendelea fremu iliyofuata, mwisho unaziunganisha. Haya turudi kwa yule bwana

SamakiMsomi
Umeme wa siku hizi mnaulalamikia? 2008 waya wa baharini ulikufa Unguja nzima giza mwezi. Halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Pampu za maji zimesimama, watu na ndoo barabarani.

MtuWaWete
Na sie Pemba wakati huo tulikuwa na majenereta yetu, waya wa kutoka Tanga kwetu umekuja 2010. Ndio mara pekee Unguja kasema Pemba kuna mwangaza

MzeeWaBaraza
Msijisifu, majenereta yenyewe yalikuwa yanawaka yanapopenda.

MtuWaWete
Mzee wetu yaliwaka! Sie tulikuwa tunaangalia mpira nyie mnaangalia mishumaa

Yakhe_Grafiki
Mpemba akipata taa moja hulali

Binti_Kikwajuni
Jamani uzi wangu ulikuwa wa yule bwana

KachoriMoto
Subiri kidogo dada tunamaliza umeme

MtuWaWete
Sasa hebu mniambie wataalamu, UPS gani, ile betri ya akiba umeme ukikatika, inabeba kompyuta ya mezani hata nusu saa nipate kuseva na kuzima? Chake Chake nimeulizia bei nikarudi nyumbani kimya kimya.

SamakiMsomi
Tafuta ya mtumba, lakini betri badilisha kwanza. Yangu nilinunua ikawa kazi yake kupiga kelele tu, umeme ukikatika na yenyewe inazimika.

Yakhe_Grafiki
Mie ninayo moja nauza, njoo inboksi.

MtuWaWete
Betri mpya au ndo hiyo ya kupiga kelele?