Ping 180 na gemu ya 2007: mbona inanipendelea kuliko hizi mpya?

Mvuvi_wa_Dema (Tanga)
Wakuu salama? Mimi nacheza kwa simu, bando la kawaida tu, na seva ninazozitegemea ziko Uingereza na Ujerumani. Ping, yaani muda wa amri yangu kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa na adabu ni milisekunde 180, ikinuna inapita 300. Nimeonja MMORPG nyingi (gemu za mtandaoni za maelfu ya watu kwenye dunia moja) nikarudi Old School RuneScape, ile RuneScape kama ilivyokuwa 2007, na washkaji kwenye grupu letu la WhatsApp wananiita mzee. Sawa, lakini nina hoja.

Seva ya RuneScape haihangaiki na kila kidole kinachogusa kioo. Inapokea amri za watu wote, inazitekeleza kwa mkupuo kila baada ya sekunde 0.6. Hiyo ndiyo tiki. Amri yangu ikichelewa njiani kidogo, mara nyingi bado inaingia tiki ileile na ya jamaa aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwenye seva. Tukipigana mimi na yeye, nani ashughulikiwe kwanza ndani ya tiki linaamuliwa na foleni ambayo mfumo wenyewe unaichanganya kila mara. Umbali wake na seva haumpi nafasi ya mbele.

Mchukueni Jad, bosi wa wimbi la 63 la maadui kule kwenye mapango ya Fight Caves. Anapiga kila tiki 8, yaani sekunde 4.8. Akijiinua akaning'iniza miguu ya mbele, unakuja uchawi. Akiikita chini, ni shambulio la masafa. Wewe kazi yako ni kuwasha sala ya kinga (ujuzi wa kuzuia aina moja ya shambulio) inayofaa kabla pigo halijafika. Ukikosea umekufa, na umeshakaa humo saa nzima ukipigana na viumbe vidogo. Nimeona watu mikono ikitetemeka hapo, wenye faiba na wasio nayo. Kinachowaua ni woga.

Sasa nauliza: kwa nini gemu mpya zimeikimbia staili hii? Kila nikishusha moja nakuta kukwepa kwa kujiviringisha, kulenga kwa kidole, mara nimeshakufa na kwenye kioo changu adui bado yuko mbali.

Kisauni_Boy
Bro, kwa heshima zote, hiyo gemu yako ni kama kutembea kwenye matope. Unabonyeza, unangoja, ndipo mtu ainue shoka. Mimi niko Albion Online, MMORPG nyingine, tangu ije kwenye simu 2021. Kwa muda mrefu sote huku tulikuwa tunacheza kwenye seva ya Marekani, halafu 2024 wakafungua ya Ulaya pale Amsterdam na mambo yakawa mengine kabisa. Dawa ni seva kusogezwa karibu, si mchezo kupunguzwa kasi.

Halafu uchumi. Kule karibu kila upanga umetengenezwa na mchezaji, na ukifa kwenye eneo jeusi, lile la hatari zaidi, unaachia ulichovaa, vingine vinaharibika papo hapo. Ndiyo maana fundi hakosi soko. Kwenu huko mtu ananunua silaha moja anaivaa miaka.

binti_wa_Ruwi (Muscat)
Naomba niwasahihishe wote wawili kidogo, kazi yangu ni mitandao. Karibu kila gemu ya mtandaoni ina tiki. Tofauti ya RuneScape ni kwamba ya kwao ni ndefu na hawajaificha. Mchezaji anaihesabu kama mpiga ngoma. RuneScape ya awali ilianza 2001, watu wengi wakiingia intaneti kwa modemu ya laini ya simu, kwa hiyo ilibidi ivumilie mtandao mbovu. World of Warcraft nayo ilitoka 2004 na sekunde 1.5 za kusubiri kati ya ujuzi mmoja na mwingine, na nafasi hiyo inafunika ucheleweshaji mwingi.

Ila Mvuvi, usiipambe sana. Wajuzi wamegeuza tiki kuwa mbinu. Kuna uvuvi wa tiki tatu, unarudia mpangilio uleule wa kubonyeza kila sekunde 1.8. Hapo ping inayopanda na kushuka inakuharibia kabisa. Ni afadhali 250 iliyotulia kuliko 120 inayorukaruka.

Mvuvi_wa_Dema
Binti, hilo la kutulia nakubali mia kwa mia. Jioni watu wote wa mtaa wakiwa mtandaoni mimi nakata magogo tu, siendi kwa bosi.

Kisauni, kwenye uchumi umenibana, Albion wamepanga vizuri kuliko sisi. Ninachokikataa ni kuchanganya kupoteza vyote na mapigano ya kulenga. Hapo aliye mbali analipa mara mbili: anachelewa kukwepa, kisha anavuliwa nguo. Na seva kusogezwa karibu, karibu na nani? Amsterdam si Dar.

Kitu kingine nilisahau. Kwetu mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wanaolipia, na lazima yapate asilimia 70. Zamani ilikuwa 75. Mtu hakurupuki asubuhi akabadilisha mfumo wa mapigano.

Kisauni_Boy
Na ile hesabu yenu ya pointi za uzoefu, levo 92 kuwa nusu ya njia kwenda 99, hiyo nayo mlipigia kura? 😂

Haya, wacha nijaribu wiki hii. Huyo Jad napigana naye bila kulipa?

Mvuvi_wa_Dema
😂 Hiyo tumeirithi.

Hapana, Fight Caves ni ya wanachama. Lakini ukiwa na dhahabu ya ndani ya gemu unanunua bondi, inakupa siku 14. Anza na uvuvi: ukifika levo 40 beba dema, panda boti pale Port Sarim, nauli sarafu 30, ushuke kisiwa cha Karamja ukavue kambakoche. Utakuta umati gatini, nusu yao roboti, yaani programu zinazocheza zenyewe. Usizile, peleka Grand Exchange, soko la wachezaji. Bondi inataka mamilioni, kwa hiyo ukichoka na kambakoche nitafute nikuonyeshe njia ya haraka zaidi.