Straika, mshahara umekwama mwezi wa tatu. Nihame dirisha dogo (usajili wa katikati ya msimu)?

NambaTisa_Kusini: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, nacheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, klabu ya hapa Mtwara. Mwezi wa tatu huu mshahara hausomi. Kuna timu ya Lindi inanitaka dirisha dogo. Nivumilie au nihame?

Kibendera: Mkataba unaisha lini?

NambaTisa_Kusini: Upo. Nauliza kuhama tu.

Mzee wa Chuno: Una magoli mangapi? Andaa video ya dakika 4 hivi, na uwe na mechi nzima mbili pembeni. Kocha anataka kuona unavyombana beki akianzisha mpira, na unavyokimbilia nguzo ya kwanza krosi ikija. Penalti zitoe, hazimsaidii.

Kibendera: "Upo" ni jibu la katibu wa klabu. Umebaki muda gani?

NambaTisa_Kusini: Msimu huu na ujao. Halafu… Lindi nimeshasaini, wakanipa nusu ya pesa ya usajili. Ila mkataba wao haujagongwa muhuri. Nisingesaini angechukuliwa mwingine. Na klabu isiyolipa, mkataba si umekufa wenyewe?

Kibendera: Haujafa. Kanuni za FIFA, kifungu cha 14bis: wasipolipa mishahara ya miezi miwili unawaandikia notisi na kuwapa angalau siku 15 walipe. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita hawajalipa, ndipo unavunja kwa barua. Wewe umeanza na saini, kwa hiyo mdaiwa wako ndiye atakayekushtaki Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka. Na muhuri usikudanganye: saini yako, muda na mshahara vikiwepo, huo ni mkataba. Miwili kwa kipindi kimoja, ukiwa bado ndani ya muda wa ulinzi (misimu ya mwanzo ya mkataba, ambayo kuuvunja bila sababu kuna adhabu), kufungiwa kwa FIFA kunaanzia miezi 4.

Bi Shangani: Tamaa hiyo, mwanangu. Ungeongea na wazee wa timu kwanza.

Korosho_Ghafi: Hii chai, tena sukari imezidi. Timu gani inatoa hela kabla ya kuona barua ya kuachiwa? Tupigie picha ukurasa wa mshahara, jina ziba.

NambaTisa_Kusini: Sina nakala. Alibaki nayo katibu.

Korosho_Ghafi: Si nilisema?

Kibendera: Mbona hilo ni la kawaida kabisa madaraja ya chini. Iombe kwa barua. Wakigoma, ulizia TFF, maana ulisajiliwa kwa mkataba huohuo. Kusanya na taarifa za benki za miezi yote, zinaonyesha mshahara uliishia wapi. Hela ya Lindi bado unayo?

NambaTisa_Kusini: Nimenunulia bodaboda. Ila hesabu inaletwa kila siku.

Korosho_Ghafi: Lindi wamesajili tajiri wa boda!

Kibendera: Waandikie Lindi leo, waeleze mkataba wa kwanza haujavunjwa. Ukirejesha pitisha benki, andika "marejesho ya pesa ya usajili". Mkononi usithubutu.

NambaTisa_Kusini: Sawa mkuu. Ila ngoja wamalizie kwanza ile nusu iliyobaki.