Mrejesho: ile hofu yangu ya kuongea mbele za watu
Wakuu nimerudi. Niliuliza nifanyeje maana nikiambiwa nijitambulishe kikaoni mikono inatetemeka, sauti inakata. Asanteni sana, hasa dada aliyenielekeza tiba ya mazungumzo ya IFS (Internal Family Systems, yaani unaongea na sehemu mbalimbali za nafsi yako), ile aliyoianzisha Richard Schwartz huko Marekani miaka ya 1980, nimempata mshauri anayeifanya na bado tunaendelea. Kule huifukuzi hofu, unaiuliza inakulinda na nini, yangu kumbe bado inamlinda yule mtoto niliyekuwa, aliyechekwa darasani akisoma kwa sauti, nililia sana siku nilipogundua hilo jamani. Sasa hivi kikaoni natetemeka kidogo ila sentensi naimaliza. Kupigia simu mtu nisiyemjua bado kunanishinda, na ule ushauri wa kujilazimisha kushika maiki harusini ulinizidishia tu. Mwenye swali aulize, nitajibu.