Nimeuziwa stata, kumbe shida ni raba ya pedali ya klachi

Wadau, nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira. Wiki imepita na hasira iko palepale, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi hubeba vitunguu na viazi kutoka Marikiti hadi kwa wateja wangu wa Umoja na Kayole. Pikapu yangu ni ya gia za mkono, mzee kidogo lakini mwaminifu. Jumatatu ile saa kumi na moja alfajiri nimeshapakia, nakanyaga klachi, nazungusha ufunguo: kimya. Hata ule mlio wa "tik" hakuna. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia ya kuamsha mtaa mzima. Vijana wa mkokoteni wakanisukuma kwa shilingi 200, nikatia gia ya pili, ikanguruma papo hapo.

Shikeni hayo: taa kali, honi kali, yaani betri nzima; ikisukumwa inawaka, yaani injini nzima.

Nikaipeleka gereji moja Industrial Area. Fundi hata hakuinama. Alisimama nje ya mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akasema, "Mathe, hiyo ni stata. Imekufa." Stata, ile mota inayozungusha injini iwake, ya mtumba 6,500, kazi 1,500. Saa tisa simu ikalia: "Mathe, kuja uchukue, imekubali." Kweli iliwaka. Nikalipa, na juu yake nikamwachia mia mbili ya chai. Ya chai!

Siku nne baadaye niko Kayole, mbele ya kibanda cha mama wa mayai. Pale ni mteremko, kwa hivyo nilikuwa nimeiegesha ikiwa kwenye gia. Kijana wangu wa mizigo akapitisha mkono dirishani afungue redio, akazungusha ufunguo kupita kiasi. Pikapu ikaruka mbele na kugonga meza. Trei tatu za mayai chini. Mguu wa yule mama ulipona kwa shubiri moja.

Sasa mimi miaka yote najua gari hilo haliwaki mpaka klachi ikanyagwe hadi mwisho. Limewakaje bila mguu wa mtu?

Jirani yetu, fundi wa siku nyingi huko Kariobangi, akalala chali chini ya usukani, miguu nje, simu imewashwa tochi kifuani. Akanyamaza muda. Kisha: "Mama, nani amefunga hizi waya?" Waya mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, na swichi ya watu inaning'inia kando.

Akanionyesha. Kwenye kishikio cha pedali kuna swichi ndogo yenye kichomozo kama cha kalamu ya kubofya. Ukikanyaga klachi hadi chini, mkono wa pedali unakibonyeza, na hapo ndipo umeme unaruhusiwa kwenda kwenye stata. Hujakanyaga, zungusha ufunguo hadi kesho. Imewekwa hivyo ili gari lisiruke likiwashwa kwenye gia. Na kinachogusa kile kichomozo ni kiraba kidogo kama kifungo cha shati, kimechomekwa kwenye tundu. Kikizeeka kinakauka na kupukutika, halafu kichomozo kinapenya kwenye tundu tupu bila kubonyezwa. Swichi nzima, stata nzima, gari limekufa.

Vile vipande vyake nilivifagia mwenyewe kwenye zulia juma lile. Nilidhani ni maganda ya vitunguu.

Kwa hivyo yule fundi alifunga stata, gari likakataa, ndipo akainama akaona ukweli. Badala ya kuniambia, akaunganisha waya na kunipigia simu kwamba imekubali. Angegusisha taa ya kupimia kwenye ule waya mdogo wa stata huku mtu amekanyaga klachi na kuzungusha ufunguo, angeona umeme haufiki kabisa. Stata isiyopewa umeme unailaumuje?

(Pedali ya breki nayo, kwa magari mengi, ina kiraba cha aina hiyo. Kikivunjika, taa za breki zinakesha zinawaka na asubuhi betri imeisha chaji. Na ukiona swichi nyingine juu ya klachi, ile inayobonyezwa mguu ukiwa umetoka, hiyo huipa kompyuta habari tu. Haihusiki na kuwasha. Msije mkauziwa hiyo pia.)

Raba mpya nimenunua Kirinyaga Road, shilingi 150. Mzee aliichomeka, akarudisha waya mahali pake, dakika kumi. Pesa alikataa, akachukua vitunguu.

Jana nikarudi gereji. Fundi ananiuliza, "Lakini si iliwaka?" Nikamwambia basi nipe stata yangu ya kwanza, ile nzima. Anasema aliwauzia watu wa vyuma chakavu siku ileile.