Upinde wa zamani umeharibika njiani: je, unatengenezeka?

Mlengaji wa Minnesota

Habarini, ndugu zangu. Nimenunua upinde wa Bear Kodiak Magnum wa inchi 52, wenye nguvu ya kuvutwa ya ratili 45, kutoka kwa muuzaji wa jimbo jingine hapa Marekani, ambaye anasema ni wa mwaka 1953 kwa kuwa mwaka huo umeandikwa juu yake. Aliufunga ndani ya boksi la karatasi tu, nalo limefika likiwa limekunjika upande mmoja. Kwenye mkono wa chini wa upinde (sehemu inayopinda chini ya mshiko), karibu na ncha, tabaka la faibaglasi limeachana na mbao kwa urefu wa inchi tatu hivi, kiasi kwamba ukucha unaingia. Pale kinapokaa kitanzi cha upote pamemeguka kidogo, na katikati ya mkono huohuo pana mstari mweupe nisiouelewa. Je, nipake gundi, au ndiyo limekuwa pambo la ukutani?

Fundi Mbao

Pole sana, ndugu. Gundi isubiri kwanza. Piga picha za boksi pande zote, bandiko la anwani, vifungashio vya ndani na kila jeraha la upinde, kisha uhifadhi boksi lenyewe, kwa sababu watu wa bima ya mzigo huuliza ulivyofungwa kabla ya kuuliza ulivyovunjika, na ukishaupaka gundi umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Kuhusu 1953, huo ni mwaka wa hataza ya Kanada, ambao kiwanda cha Bear kiliendelea kuuchapa kwenye pinde zake kwa miaka mingi. Upinde wako ni wa miaka ya 1960 au baadaye. Itazame sarafu ya nembo kwenye mshiko: ikiwa imelala sawasawa na mbao, upinde ni wa kabla ya 1973. Usiidai bima thamani ya upinde wa 1953, kwani dai zima litatiliwa shaka.

Mzee wa Podo

Mimi kilichonitia wasiwasi ni huo mstari mweupe kuliko faibaglasi iliyoachana. Mstari unaokwenda kwa urefu wa mkono mara nyingi ni ufa mwembamba wa juujuu, na pinde nyingi za umri huo zinao na bado zinarusha mishale. Unaokata mkono kwa upana ni jambo jingine kabisa: hapo nyuzi za kioo zimekatika, hakuna gundi itakayozirudishia nguvu, na mkono unaweza kupasuka usoni pako. Mulika kwa tochi ukiilaza ubavuni, kisha pitisha pamba taratibu kwenye kingo na juu ya mstari. Pamba ikinasa nyuzi, utundike ukutani bila majuto. Hadi umalize ukaguzi huo, usiutie upote hata kwa dakika moja.

Mlengaji wa Minnesota

Shikamoo, Mzee. Mstari unakwenda kwa urefu na pamba haikunasa popote. Sarafu imelala sawasawa na mbao. Dai limekwisha kupelekwa, na muuzaji amekubali nibaki na upinde. Nitumie supaglu?

Mzee wa Podo

Marahaba. Supaglu inafaa kwa kile kimeguko cha ncha, lakini kwenye tabaka lililoachana hukauka ikawa ngumu isiyonepa, na mkono wa upinde kazi yake ni kunepa. Tumia epoksi inayokauka polepole, si ile ya dakika tano. Puliza vumbi lote litoke, iingize gundi hadi mwisho wa mwanya kwa uzi wa kusafishia meno, kisha funika kwa nailoni na uzungushie utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ambao hubana sawasawa kuliko jiriwa. Usikaze mno hadi gundi yote ikatoka. Uache hata baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo kupita, na usiuweke karibu na hita, kwa maana joto kali hulegeza gundi ya kiwandani.

Fundi Mbao

Nakubaliana na Mzee kwa sababu tu mwanya uko karibu na ncha. Ungekuwa pale mkono unapoungana na mshiko, ambako mkazo ni mkubwa, nisingeshauri mtu aurushe tena hata baada ya gundi.

Ukikauka, uvishe upote kwa kamba maalumu ya kupindia, si kwa kuupitisha kati ya miguu, ambako ndiko mikono hujipotoa. Angalia kama upote unalala katikati ya mfereji wa kila ncha. Uache hivyo kwa saa chache, kisha uvute kidogo kidogo ukiwa umevaa miwani ya kinga, ukiusikiliza: ukilia, rudisha taratibu, wala usiachie upote bila mshale. Na nunua upote wa Dakroni, yaani uzi wa poliesta unaonyumbulika kidogo. Nyuzi za kisasa zisizonyumbulika zilikuja baada ya upinde huu, na ncha zake hazikutengenezwa kuhimili kishindo chake, sembuse ncha iliyoungwa.