Mjadala: Muziki shuleni tuutetee kwa hoja ya ubongo?

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi cha wiki iliyopita. Shule anayosoma binti yangu inataka kupunguza kipindi cha muziki ili muda wake uende kwenye hisabati. Mzazi mmoja akasimama kuutetea muziki. Alisema wanasayansi wamethibitisha kuwa mtoto akisikiliza Mozart, yule mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, ubongo wake unakuwa mkali, kwa hiyo muziki ukiondoka na hesabu zitashuka. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi sikupiga, ingawa niko upande wake na muziki nautaka ubaki. Hoja yake ndiyo iliyonitia hofu.

Tuangalie ilikotoka. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo. Wa chuo, si watoto. Waliwapigia sonata ya Mozart, yaani kipande cha muziki wa ala, kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya maumbo, kama kuwazia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya au waliposikiliza maelekezo ya kutuliza mwili. Faida yenyewe ilidumu dakika 10 hadi 15, ikayeyuka. Habari hiyo ilipotoka chuoni ikaanza kunenepa njiani: wanafunzi wakageuka watoto wachanga, robo saa ikageuka maisha yote. Kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa anaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo aende nao nyumbani.

Na kwetu imefika. Jirani yangu ana mimba ya miezi saba; kila jioni anaegemeza simu tumboni, sonata inalia, yeye ametulia kama anayekunywa dawa chungu. Ikiisha anaweka taarabu yake, na hapo ndipo uso wake unapokunjuka.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Kanada walirudia jaribio lile, safari hii wakaongeza hadithi iliyosomwa kwa sauti. Waliopenda hadithi kuliko Mozart ndio waliofanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Kumbe kinachomsaidia mtu ni kuchangamka kwa kitu anachokipenda, na bibi anayeita "hadithi, hadithi" jioni naye anakiwasha kichwa cha mtoto. Sasa niambieni: tukishautundika muziki kwenye msumari wa hesabu, siku msumari unang'oka utashikwa na nini? Mwalimu mkuu ataleta utafiti mwingine unaosema chesi au kompyuta inafaa zaidi, nasi tutakuwa tumeshakubali kwamba kazi ya muziki ni kuitumikia hisabati.

Nisieleweke kwamba naidharau sayansi ya ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal waliwapima watu wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua hadi vinyweleo vinasimama. Walikuta ubongo unatoa dopamini, kemikali inayohusika na raha, mara mbili, kila mara mahali pake: kwanza wakati msikilizaji anaingoja ile sehemu anayoijua inakuja, kisha inapofika. Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu kwenye taarabu. Mwimbaji hajafika kwenye kibwagizo, shangazi keshainuka, noti iko mkononi, anakwenda kutunza kwa hatua za polepole ili afike pamoja na ubeti. Kungoja kule ni nusu ya raha, na sayansi imelionyesha hilo vizuri. Lakini haikusema, wala haiwezi kusema, kwa nini ni wimbo ule na si mwingine, au kwa nini shangazi alilia mwaka aliofiwa na mumewe.

Mahali ninapoinamisha kichwa kabisa ni kwenye ugonjwa. Mjomba wangu alipigwa na kiharusi, maneno yakapotea. Akitaka maji anaonyesha kikombe, anahangaika, anakasirika, anaacha. Siku ya maulidi nyumbani, walipofika pale watu wote wanaposimama, yeye kwenye kiti chake akaimba. Maneno kamili, yamenyooka, kutoka mwanzo wa ubeti hadi mwisho. Mke wake aliweka sinia chini. Baadaye nikajua kwamba tangu 1973 madaktari wa Boston walikwisha tengeneza tiba kwa njia hiyo: mgonjwa anaimba sentensi fupi za kila siku huku mkono wake wa kushoto ukigongwa taratibu kufuata mapigo, kisha wimbo unapunguzwa kidogo kidogo hadi yabaki maneno. Kwa watu wengi kiwanda cha usemi kiko upande wa kushoto wa ubongo, lakini uimbaji unategemea pia upande wa kulia, na njia hiyo mara nyingi huwa imebaki wazi. Mtu akija na hoja ya ubongo ya namna hii nitampigia makofi wa kwanza. Hiyo ni hoja ya hospitali, na tuipeleke hospitali.

Najua kuna watakaosema, wewe unajidanganya, mwenye bajeti hasikii kitu ila namba. Rafiki yangu mmoja mwalimu ameniambia hivyo hivyo: "Mpe Mozart wake, tuokoe kipindi, mengine baadaye." Nimelala na neno hilo siku tatu. Sikulikubali, kwa sababu mtoto naye anasikia. Akiambiwa anapiga ngoma ili apate alama, ataiacha siku alama zikija kwa njia nyingine.

Jana binti yangu aligeuza ndoo nyuma ya nyumba, anajifunza mapigo waliyofundishwa. Alipotea palepale mara nne. Ya tano akapita, akasimamisha mikono hewani, akaitazama. Hakuniita nije kuona. Mimi nilikuwa dirishani.

Kikao kingine ni Jumamosi na nimeomba kusema. Walimu wa muziki, na nyie wazazi mliowahi kukutana na vita hii: mkiulizwa kipindi hiki kinampa nini mtoto, na mkikatazwa kutaja hisabati, mnajibu nini?